SHUME: HISTORIA YA KIJIJI CHA MBAO NA MASHAMBA

Msafiri aendaye Moshi kutoka Tanga kwa njia ya zamani ya reli huiona milima ya Usambara ikiwa ukuta mrefu wa mawe upande wake wa kulia. Baada ya Mombo hufika mahali paitwapo Mkumbara, katika nyika kavu yenye joto na miiba. Juu ya ukuta huo, karibu mita 1,500 kutoka hapo aliposimama, kuna uwanda wenye ubaridi, ukungu na miti mirefu. Uwanda huo ni Shume, katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wakazi wa Shume wameishi kwa kazi mbili: kupasua mbao na kulima. Kazi hizi zinahitaji ardhi ile ile. Mahali penye mti hapapandwi viazi, na mahali penye viazi mti haukui. Kwa sababu hiyo historia ya Shume ni historia ya swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kwa namna yake: ni nani atumie ardhi ya mlima, na kwa kazi gani? Makala haya yanaifuata historia hiyo hatua kwa hatua, na kuonyesha jinsi elimu ya fizikia, biolojia na jiografia inavyosaidia kuielewa.

Mahali na hali yake

Usambara ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kupinda kuelekea kusini hadi Udzungwa. Miamba yake ni ya kale sana, nayo iliinuliwa juu ya nyika kwa kukatika na kusogea kwa matabaka ya dunia. Ndiyo sababu upande wa magharibi umesimama kama ukuta, wakati upande wa juu ni uwanda wenye mabonde na vilima.

Upepo wa bahari huja na unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Unapokutana na milima hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Mvua nyingi hunyesha upande unaoelekea bahari na juu ya vilele vya Magamba. Upepo ukishavuka vilele hivyo huwa umepoteza sehemu kubwa ya maji yake, na hivyo Shume, iliyo nyuma ya vilele, hupata mvua chache zaidi.

Tofauti hii ya mvua ilizaa misitu ya aina mbili. Upande wenye mvua nyingi uliota mkulo, ambao wataalamu huuita Ocotea usambarensis, mti mkubwa wenye mbao ngumu za rangi ya kahawia. Upande mkavu wa Shume uliota mwangati, yaani Juniperus procera, pamoja na mipodo. Mwangati una mbao nyekundu zenye harufu nzuri, ambazo mchwa hawazipendi na hazioozi upesi. Sifa hizo ndizo zilizoleta misumeno Shume.

Wenyeji kabla ya misumeno

Washambaa wamekuwa wakulima kwa muda mrefu. Kwa desturi walipenda kukaa katika mwinuko wa wastani, ambako migomba hustawi, wakiwa na mashamba mengine pembezoni mwa nyika. Hivyo ukame ulipoiharibu nyika, mlima uliwalisha. Kwa lugha yao nchi hugawanyika sehemu mbili, Shambaai na nyika, na kila sehemu ina mimea yake, magonjwa yake na matumizi yake. Huu ulikuwa ujuzi wa kweli wa mazingira, ingawa haukuandikwa vitabuni.

Sehemu za juu zaidi, zenye baridi isiyofaa ndizi, zilikuwa na watu wengine, Wambugu. Hawa walikuwa wafugaji wa ng'ombe, waliotumia nyasi za mbuga ndogo zilizokuwa katikati ya misitu. Lugha yao ya asili, Kima'a, imewavutia sana wataalamu wa lugha duniani, kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu, lakini sehemu kubwa ya maneno yake ni ya asili ya Kikushi. Kwao msitu wa Shume ulikuwa malisho, kinga ya upepo, na hazina ya wakati wa kiangazi.

Washambaa wana semi mbili kuhusu utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala aliyepatana na wenziwe na kuleta mvua aliiponya nchi. Watawala waliogombana waliiharibu. Semi hizi zinafaa kukumbukwa, kwa kuwa zilitumika tena baadaye, wakati wananchi walipowapima watawala wengine waliotoka mbali.

Mbao zashuka kwa waya

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda polepole. Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kabla ya reli hakukuwa na faida ya kukata miti ya Shume kwa ajili ya soko la mbali, maana gogo la mwangati lisingeweza kubebwa kichwani hadi pwani. Reli ilipopita chini ya ukuta wa mlima, hali ilibadilika.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa sheria ya kuhifadhi misitu. Kwa sheria hiyo misitu mingi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na wenyeji walizuiwa kuitumia kama walivyozoea. Lakini msitu uliofungwa kwa wafugaji ulifunguliwa kwa kampuni. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilipewa haki ya kuvuna mwangati wa Shume, ikajenga kiwanda cha kupasulia mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow. Sehemu ya mbao hizo nyekundu ilifaa kutengenezea penseli, kwa sababu ni laini kuchongwa na nyuzi zake zimenyooka.

Palibaki tatizo moja: jinsi ya kushusha mbao kutoka uwandani hadi Mkumbara. Barabara ya kuteremka ukuta ule ingekuwa ndefu na ya gharama kubwa. Kampuni iliwaita mafundi wa Adolf Bleichert wa Leipzig, Ujerumani, waliokuwa mashuhuri kwa ujenzi wa njia za waya. Miaka michache kabla ya vita ya 1914 njia hiyo ilikuwa tayari. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 9, nayo ilivuka makorongo juu ya nguzo.

Mitambo ya Bleichert ilitumia waya za aina mbili. Waya mnene ulikuwa tuli, nao ulibeba uzito wa vigari kama reli inavyobeba behewa. Waya mwembamba ulizunguka bila kukoma na kuvivuta vigari. Kigari chenye mbao kilipoteremka, uzito wake ulivuta waya, na waya huo huo ulipandisha kigari kitupu, au chenye chakula na vifaa, upande wa pili. Hivyo kazi kubwa ilifanywa na uzito wa mbao zenyewe.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kupima nguvu hiyo. Nishati ya kitu kilicho juu hupatikana kwa kuzidisha tungamo lake, mvutano wa dunia na kimo. Kwa tani 1 ya mbao, yaani kilo 1,000, na kimo cha mita 1,500, ikiwa mvutano wa dunia utahesabiwa kuwa 10, jibu ni jouli 15,000,000. Kupandisha mzigo wa kilo 25 hadi kimo hicho hicho kunahitaji jouli 375,000. Kwa hiyo, kama msuguano usingekuwapo, tani 1 ya mbao inayoshuka ingetosha kupandisha mizigo 40 ya namna hiyo. Kwa kweli sehemu ya nishati hupotea kwa msuguano wa magurudumu na waya, na sehemu nyingine lazima ipotezwe kwa makusudi katika breki, ambako hugeuka joto. Pasipo breki vigari vingeongeza mwendo hadi kuangamia.

Hesabu hiyo haielezi jambo moja: ni nani waliokata, waliovuta na waliopakia magogo hayo. Wakulima wa Usambara walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakutaka kuyaacha kwa mishahara midogo. Mwaka 1907 utawala wa wilaya, ambayo makao yake Lushoto yaliitwa Wilhelmstal, uliweka utaratibu wa kadi. Mwanamume aliyekuwa hana ajira alipewa kadi, naye alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu kwa siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Mbao zilishuka kwa uzito wake zenyewe, bali wafanyakazi hawakupanda mlimani kwa hiari yao.

Msitu wa asili na msitu wa kupandwa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza. Mwaka 1921 ilitolewa sheria mpya ya misitu, na hifadhi zilizowekwa na Wajerumani ziliendelea. Upasuaji wa mbao uliendelea pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mahitaji ya mbao yaliongezeka, na mabwana miti walizidi kuona jambo lililokuwa dhahiri: mwangati ulikatwa upesi kuliko ulivyokua.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni umri. Mwangati huhitaji zaidi ya miaka mia moja ili uwe mti mkubwa wa mbao. Ya pili ni tabia ya miche yake, ambayo hupenda mwanga. Chini ya kivuli cha msitu mzito miche hiyo hufa, na mahali pake huchukuliwa na miti ya majani mapana. Kwa hiyo mwangati mara nyingi huota upya mahali palipofunguliwa, kwa mfano baada ya moto. Msitu wa miangati mikubwa iliyo rika moja ni kumbukumbu ya nafasi iliyofunguka zamani. Mtu akikata miti hiyo na kuacha vichaka vifunike ardhi, asitazamie kuona msitu ule ule tena.

Badala ya kungoja mwangati, idara ya misitu ilianza kupanda miti ya kigeni iliyokua haraka, hasa msanduku wa Meksiko, yaani Cupressus lusitanica, na msindano, yaani Pinus patula. Miti hii huweza kuvunwa ikiwa na umri wa miaka 25 hadi 30. Sehemu kubwa ya uwanda wa Shume iligeuka shamba la miti, lenye mistari iliyonyooka kama mahindi.

Ili kupanda miti hiyo kwa gharama ndogo ulitumika utaratibu uitwao taungya, neno lililotoka Burma. Mkulima hupewa kipande cha ardhi mahali ambapo miti imevunwa. Yeye huking'oa visiki vidogo, hulima na kupanda mazao yake. Kisha miche ya miti hupandwa katikati ya mazao. Kila anapopalilia viazi au maharagwe, miche hupaliliwa pia. Baada ya miaka miwili au mitatu miche huwa mikubwa, kivuli huzuia mazao, na mkulima huhamia kipande kingine.

Utaratibu huu una faida kwa pande zote mbili. Serikali hupata miche iliyotunzwa bila kulipa vibarua wengi. Mkulima asiye na ardhi ya kutosha hupata udongo uliopumzika. Lakini una kasoro yake. Mkulima hujua kwamba ardhi si yake, na kwamba kivuli cha mche anaoupalilia ndicho kitakachomwondoa. Mtu wa namna hiyo huweza kushawishika kukata mizizi ya mche kwa jembe lake ili akae mwaka mmoja zaidi. Penye ahadi ya kipande kingine, miche hustawi. Pasipo ahadi hiyo, miche hufa. Hili si jambo la udongo bali la haki, na bwana miti asiyelielewa hawezi kueleza kwa nini kitalu chake ni kizuri na shamba lake ni baya.

Kupanda miti ya aina moja kuna hatari nyingine. Mwaka 1988 chawa wa misanduku, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, alionekana nchini Tanzania baada ya kuonekana Malawi mwaka 1986. Mdudu huyo alikausha misanduku mingi katika milima ya Afrika Mashariki. Katika msitu wa asili mdudu wa namna hii hukuta mti mmoja hapa na mwingine mbali. Katika shamba la miti hukuta chakula chake kimepangwa kwa mistari, mti mmoja ukigusa mwingine.

Matuta yaliyokataliwa, majani yaliyokubaliwa

Wakati hifadhi zikilindwa, idadi ya watu katika sehemu nyingine za Usambara iliongezeka. Mashamba yalipanda miinuko mikali, na mvua ilianza kuuchukua udongo. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuponya ardhi katika bonde la Mlalo, kaskazini mashariki ya Shume, na mwaka 1950 mpango huo ulipanuliwa kwa jina la Mpango wa Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta yaliyofungana, na walikatazwa kulima miinuko mikali zaidi.

Kwa kanuni ya fizikia mpango huo ulikuwa na sababu. Maji yatiririkayo kwa kasi hubeba udongo mwingi, na tuta huyazuia maji yasipate kasi. Lakini matuta yalihitaji kazi nyingi, na kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliolima mazao ya chakula. Aidha, wengi waliogopa kwamba amri hizo zilikuwa njia ya kuwanyang'anya ardhi, kama ilivyokuwa imetokea kwa misitu. Wale waliokataa walitozwa faini au kufungwa. Upinzani uliendelea kukua, ukaungana na harakati za kudai Uhuru, na miaka michache kabla ya 1961 mpango huo ulikuwa umekwisha. Katika macho ya wananchi wengi, waliodai kuiponya nchi ndio walioibana.

Baada ya Uhuru sehemu za msitu wa hifadhi zilitolewa kwa wananchi kwa ajili ya makazi na kilimo. Familia kutoka mabonde yaliyojaa watu zilipanda uwandani. Shume ikawa kijiji cha wakulima kwa kadiri ile ile iliyokuwa kijiji cha wapasuaji mbao. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilivipa vijiji halmashauri zao.

Walowezi wapya walikuta udongo mweusi, wenye rutuba. Mavuno ya kwanza yalikuwa makubwa. Baada ya misimu kadhaa yalipungua, na wengi walishangaa. Maelezo yake ni haya. Katika msitu wa mlimani sehemu kubwa ya chakula cha mimea haimo ndani kabisa ya udongo, bali katika miti yenyewe na katika tabaka la majani yanayooza. Majani huanguka, huoza, na mizizi huchukua tena chakula hicho kabla mvua haijakichukua. Huu ni mzunguko. Msitu ukifyekwa na kuchomwa, majivu huleta rutuba ya ghafla, lakini mzunguko umekatika. Jua huunguza mboji, mvua huosha majivu, na kila gunia la viazi linaloteremka Mombo huondoka na sehemu ya chakula kilichobaki. Rutuba ya msitu ni kama akiba ya posho: hudumu tu kama kuna kinachorudishwa.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko wa ardhi na kuendeleza kilimo pamoja na miti, uliojulikana kwa jina la SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Mradi huo uliendelea hadi mwaka 2000. Ulihimiza mistari ya majani ya malisho kukatisha mteremko, miti kama mgrivea ndani ya mashamba, na ng'ombe wa kufungiwa zizini. Lengo lilikuwa lile lile la matuta ya 1950, yaani kupunguza kasi ya maji. Tofauti ilikuwa kwamba majani hayo yalilisha ng'ombe, ng'ombe alitoa maziwa na samadi, na samadi ilirudisha rutuba shambani. Mkulima aliona faida yake mwenyewe ndani ya miezi, wala hakungoja wajukuu. Si kila shamba lilipata mistari hiyo, wala si kila mstari uliotunzwa. Lakini iliyobaki ilibaki kwa hiari ya wenyewe.

Ugonjwa uliofuata panya

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika Wilaya ya Lushoto, na vijiji vya uwanda wa Shume vilikuwa miongoni mwa vilivyoumia sana. Ugonjwa ulirudi karibu kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kipindi hicho waliugua watu zaidi ya 7,000, na zaidi ya 600 walifariki dunia. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake.

Tauni husababishwa na bakteria. Panya na wanyama wengine wadogo wa jamii hiyo huwa nao, na viroboto huwaeneza. Panya anapokufa, viroboto wake hutafuta damu nyingine. Mtu akiumwa na kiroboto hicho, baada ya siku chache hupata homa kali, na tezi za kinenani au kwapani huvimba na kuuma. Ugonjwa hutibika kwa dawa za kuua vijidudu ukitambuliwa mapema. Anayechelewa huweza kufa.

Katika kijiji cha mlimani baridi huwafanya watu wafunge nyumba, wakae karibu na moto, na kuhifadhi mahindi ndani ya nyumba wanamolala. Panya hufuata nafaka, viroboto hufuata panya, na mtoto alalaye sakafuni huwa karibu na vyote viwili. Kitanda, ghala lililo mbali na malazi, na taarifa ya haraka kwa zahanati panya wanapoonekana wamekufa ovyo ni kinga ambazo kijiji kinaweza kuzisimamia chenyewe. Hapo pia elimu iliokoa zaidi pale ilipoelezwa kwa sababu zake kuliko pale ilipoletwa kwa amri.

Shume ya leo

Waya za Bleichert hazibebi tena mbao. Malori huteremka kwa barabara, yakiwa na mbao za misindano na misanduku, na mara nyingi zaidi viazi, kabichi na karoti ziendazo Tanga na Dar es Salaam. Utaratibu wa taungya umeendelea kutumika katika shamba la miti la serikali. Sehemu kubwa ya msitu wa asili uliosalia upande wa Magamba ilitangazwa mwaka 2010 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye eneo la zaidi ya hekta 9,000. Msitu huo hunasa ukungu na mvua, na vijito vyake huelekea katika mito ya Umba na Pangani, ambayo hunywewa na watu wasiopata kuiona Shume.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zimevipa vijiji nafasi ya kushiriki katika kumiliki na kutunza ardhi na misitu. Sheria ya 1904 ilimwona mwenyeji kuwa adui wa msitu. Ile ya 2002 humwona kuwa mlinzi wake. Lakini mlinzi naye hula. Kijana wa Shume aliyerithi robo eka mteremkoni, akiwa amezungukwa na miti ya serikali upande mmoja na hifadhi upande wa pili, hujiuliza swali lile lile lililoulizwa na babu yake.

Historia ya kijiji hiki inaonyesha kwamba katika kila kipindi walikuwapo wataalamu waliojua sayansi ya jambo moja vizuri. Mhandisi wa waya alijua mvutano wa dunia. Bwana miti alijua ukuaji wa msanduku. Bwana shamba alijua mwendo wa maji mteremkoni. Walichoshindwa mara nyingi ni kuuliza mtu wa mahali hapo atapata nini, na atapoteza nini. Pale swali hilo lilipoulizwa, kama katika mistari ya majani na samadi, udongo ulibaki mahali pake kwa muda mrefu zaidi.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Kokotoa nishati inayotolewa na kilo 400 za mbao zinaposhuka mita 1,500. Eleza nishati hiyo huenda wapi vigari vinaposimamishwa.

2. Tengeneza sanduku mbili za mbao zenye udongo wa aina moja na kina kile kile. Katika moja panda nyasi mstari mmoja katikati. Nyingine iache tupu. Nyasi zikishaota, inamisha sanduku zote kwa kiasi sawa, na mimina lita 2 za maji juu ya kila moja kwa kopo lenye matundu. Kusanya maji yanayotoka chini, yaache yatulie, kisha kausha na kupima udongo uliobaki. Linganisha matokeo.

3. Kwa nini miche ya mwangati haistawi chini ya msitu mzito? Taja njia moja ya kuurudisha mwangati mahali ulipokatwa.

4. Waulize wazee watatu wa kijiji chako ni mti gani uliokuwa mwingi zamani na ambao sasa ni adimu, ulitumika kwa kazi gani, na nani aliuvuna. Andika majibu yao, kisha chora ramani ya kijiji kuonyesha mahali miti hiyo ilipokuwa na kilichopo hapo sasa.

5. Darasa ligawanyike makundi mawili. Moja liwe la mabwana miti, na lingine la wakulima wa taungya. Andikeni mkataba ambao pande zote zitautii kwa miaka mitatu, mkitaja mkulima atapata nini miche yake ikistawi.